Mbegu za nyasi hazioti, au zimeota zinakufa? Anza kukagua hapa

Simu ya mtu aliyesia nyasi huja siku ya nane au ya tisa. "Fundi, hizi mbegu ni feki." Namuuliza jana alimwagilia mara ngapi. Anakaa kimya kidogo, kisha: "Jana hatukumwagilia, kulikuwa na mawingu." Basi, mbegu hazina kosa.

Nayaandika haya kwa ajili ya nyasi za mbegu, si zile za kuchomeka vipande. Ukoka wa kuchomeka na nyasi za Pemba zina shida zake, lakini hazijui shida ya kuota. Mbegu zinazopatikana sana kwenye maduka yetu ya pembejeo ni za aina mbili. Ya kwanza ni bemuda, ambayo ndiyo jamii ya ukoka wetu, na inapenda joto na jua: Dar, Tanga, Mombasa, Dodoma, Mwanza. Ya pili ni kikuyu, nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, inayostawi Limuru, Arusha, Lushoto na Mbeya. Ukizigeuza, kila moja ukaipeleka kwa mwenzake, umeanza vibaya kabla hujashika reki.

Kabla ya dalili yoyote, tafuta tarehe uliyosia. Si "kama wiki mbili hivi", tarehe kamili. Nusu ya wanaonipigia hugundua hapo hapo kwamba siku bado.

Hakuna kilichoota kabisa

Sababu nazipanga kuanzia ninayokutana nayo mara nyingi.

*Siku hazijatimia.* Bemuda iliyokobolewa, kwenye joto la Pwani, huanza kuonekana kati ya siku ya 7 na ya 14. Isiyokobolewa, yaani yenye ganda, inaweza kufika wiki ya tatu hata ya nne. Kikuyu ni siku 10 hadi 21. Ukisia Julai kwenye baridi ya Njombe, ongeza tena, na bemuda usiiguse kabisa hadi udongo upate joto la nyuzi 18 na kuendelea. Inama chini asubuhi, tazama ardhi kwa upande huku jua likiwa chini. Miche ya bemuda ni myembamba kama sindano ya kushonea, na ukisimama wima huioni.

*Udongo ulikauka katikati ya safari.* Hii ndiyo inayoua nyingi. Mbegu ikishanywa maji na kupasuka, haiwezi kurudi nyuma. Ikikauka nusu siku, imekufa. Chomeka kidole. Sentimita moja ya juu iwe na unyevu saa zote kwa wiki mbili za mwanzo. Kwa jua la Dar hiyo ni mara tatu au nne kwa siku, dakika chache tu kila mara: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 8 mchana, saa 10 jioni. Kumwaga maji mengi mara moja asubuhi hakusaidii, yanazama chini kusiko na mizizi na juu panabaki pakavu saa sita mchana. Kama mtaa wenu uko kwenye mgao wa maji na huna tangi, ahirisha kusia. Nasema hivyo kwa wateja na wengine hukasirika.

*Mbegu zimefukiwa mno.* Kilo moja ya bemuda ina punje zaidi ya milioni tatu, kwa hiyo fikiria mwenyewe kila punje ina akiba kiasi gani ya kusukuma udongo. Nusu sentimita ndio mwisho wake. Kikuyu, yenye punje kubwa zaidi, inaweza kuvumilia sentimita moja. Kama kijana alifukia kwa jembe kama anapanda mahindi, kwangua kidogo utazikuta mbegu ziko salama chini, au zimechipua na kuoza kabla ya kufika juu. Hapo ni kusia upya na kufukia kwa mgongo wa reki tu.

*Ukoko.* Udongo mwekundu na ule wa mfinyanzi ukipigwa na maji ya kasi kisha jua, juu hujenga ganda gumu kama ukoko wa wali. Ukoko unaua ukoka. Ukibonyeza kwa kidole linapasuka vipande. Lilainishe kwa maji ya manyunyu, usichokore na jembe, halafu tandaza pumba za mpunga kidogo, kiasi kwamba udongo bado unaonekana katikati yake. Na badilisha mdomo wa mpira wa maji, tumia wenye matundu madogo.

*Sisimizi, shomoro, kuku.* Fuata mstari wa sisimizi hadi kwenye shimo lao. Ukikuta kijilima cha maganda mepesi ya mbegu mdomoni, umejua mbegu zako zimekwenda wapi. Kuku wa jirani hawahitaji uchunguzi.

*Dawa ya magugu iliyokuwepo kabla yako.* Kiwanja kilichokuwa shamba la mahindi kinaweza kuwa na atrazini, na dawa za kuzuia magugu yasiote hukaa ardhini miezi. Chukua makopo mawili, moja tia udongo wa kiwanja chako, jingine udongo wa mahali unapopaamini. Sia mbegu zile zile, mwagilia sawa. Zikiota kopo moja tu, tatizo ni udongo. Zikikataa yote mawili, sasa unaweza kuanza kuzungumza habari za mbegu feki.

*Mbegu zenyewe.* Ziko mwisho kwenye orodha makusudi. Hesabu punje 100, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, funga ndani ya mfuko wa nailoni, weka mahali pa joto. Baada ya wiki mbili (tatu kwa isiyokobolewa) hesabu zilizochipua. Chini ya 50, rudi dukani na kitambaa chako na pakiti yenye lebo. Tanzania taasisi inayothibitisha mbegu ni TOSCI, Kenya ni KEPHIS. Pakiti isiyo na jina la mzalishaji wala tarehe haikupaswa kuuzwa. Jambo moja zaidi: mbegu zilizopakwa tabaka la unga wa rangi ya kijani au bluu, hadi nusu ya uzito wake inaweza kuwa hilo tabaka, kwa hiyo kilo yake si kilo ya mbegu.

Zimeota mabaka, kwingine upara

Angalia umbo la upara kabla ya kufanya chochote. Umbo linasema.

Mistari mistari ni mkono wa msiaji. Bemuda iliyokobolewa inataka gramu 5 hadi 10 kwa mita moja ya mraba, kiasi kinachokaa kwenye kiganja, na hakuna mkono unaoweza kugawa hivyo bila msaada. Changanya mbegu na ndoo ya mchanga mkavu, gawa mafungu mawili, fungu moja lisie ukitembea kaskazini kwenda kusini, la pili mashariki kwenda magharibi. Kwa upara uliopo, fanya hivyo hivyo kwenye upara tu.

Upara juu na msitu chini ni mvua. Hili nimelifanya mwenyewe, kwenye kiwanja chenye mteremko huko Goba, mwisho wa Machi. Nilisia mchana, usiku masika yakafunguka. Wiki mbili baadaye mteja wangu alikuwa na udongo mtupu, na mtaro wa jirani yake ulikuwa na ukoka mzuri kuliko wote mtaani. Nilinunua mbegu upya kwa fedha yangu. Sasa kwenye mteremko natandaza magunia ya katani yaliyofumwa kwa uwazi, nayabana kwa vijiti, mbegu zinaota zikipita katikati yake. Na sisii wiki ambayo masika yanatarajiwa kuanza. Nasubiri mvua kubwa zipungue, au nasia mapema Februari kwa mwenye maji ya uhakika.

Kama mvua imechimba mifereji ya kina cha goti, au ukuta wa kuzuia udongo umeanza kuinama au kupasuka, acha habari ya nyasi. Hiyo ni kazi ya fundi ujenzi anayejua kuta na mifereji, na usisubiri msimu mwingine wa mvua ukuta ukuangukie.

Upara unaokauka kabla ya sehemu nyingine, hasa karibu na nyumba mpya: chimba sentimita 15. Mara nyingi utakuta kifusi, vipande vya tofali, mahali walipokuwa wanachanganyia zege. Mafundi wakimaliza hufukia kila kitu na kutandaza udongo mzuri juu kama siagi kwenye mkate. Ng'oa kifusi, jaza udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri, sia tena. Hakuna mbolea inayotibu tofali.

Upara chini ya mwembe au mwarobaini ni kivuli. Bemuda inataka jua si chini ya saa sita kwa siku. Usirudie kusia, chomeka nyasi za Pemba, zinavumilia.

Miduara midogo iliyoungua katikati, na ukingoni ina kijani kilichokolea, ni mkojo wa mbwa. Mwaga maji mengi hapo siku hiyo hiyo, na mbwa afungwe hadi nyasi zikomae.

Zilikuwa zimeota vizuri, sasa zinalala chini na kufa

Hapa wahi, kwa sababu sababu mbili kati ya hizi huenea usiku mmoja.

Piga goti ung'oe mche mmoja. Ukikuta shina limesinyaa usawa wa udongo, limekuwa jeusi jembamba kama uzi, na mabaka yanapanuka kwa duara, ni kinyausi. Ugonjwa huu unapenda maji ya usiku, mbegu zilizosongamana na matandazo mazito. Watu wanaorudi kazini saa moja usiku na kufungulia mpira ndio wagonjwa wangu wakubwa. Acha kumwagilia baada ya saa 10 jioni, ondoa matandazo, acha juu pakauke kidogo kati ya maji na maji, na usitie mbolea ya urea hata chembe. Mara nyingi inasimama yenyewe. Kama baka limeongezeka maradufu ndani ya siku mbili licha ya hayo, usichanganye dawa kwa kukisia. Peleka miche na udongo wake kwa afisa ugani, na dawa atakayoitaja iwe imesajiliwa (Tanzania anayesajili viuatilifu ni TPHPA), uwe na glavu na barakoa, watoto na kuku wakae mbali kwa muda uliotajwa kwenye lebo.

Mche umekatwa safi chini, majani yamelala pembeni mabichi? Sota. Toka na tochi saa 2 usiku, au kwangua udongo sentimita mbili pembeni ya miche iliyokatwa. Utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama herufi C. Kwa bustani ya nyumbani, kuwaokota usiku tatu mfululizo kunatosha.

Majani yameliwa kuanzia ncha, mstari wa uharibifu unasonga mbele kila siku, na ndege wameanza kujaa uani: viwavijeshi. Kuhakikisha, changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo, mwaga kwenye mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Viwavi waliojificha hupanda juu. Wakiwa wengi, toa taarifa kwa afisa kilimo wa kata kabla ya kununua dawa, kwa sababu hao hawaishii uani kwako. Wanakwenda kwenye mahindi na mpunga wa watu.

Ipo sababu ya nne, inauma kuisema. Mtu ananunua mtandaoni pakiti nzuri yenye picha ya uwanja wa Ulaya, ndani ni raigrasi, nyasi ya nchi za baridi. Inaota ndani ya wiki, kijani kinachong'aa, majirani wanauliza. Kisha joto la Januari na Februari linaipika. Kwa Dar au Mombasa hiyo haina dawa. Soma jina la nyasi, siyo picha.

Zinageuka njano

Usikimbilie mbolea. Njano ina sababu nne zinazotaka tiba nne tofauti, na mbili kati yake mbolea inazidisha.

Sababu ya kwanza ni maji mengi. Chomeka bisibisi ndefu. Ikizama yote bila kusukumwa, na udongo wa ncha yake unanuka kama mtaro, mizizi imekosa hewa. Baada ya wiki ya tatu ratiba lazima ibadilike: kutoka kidogo mara nyingi kwenda kingi mara chache, bisibisi iingie sentimita 10 hadi 15 kisha uache siku moja au mbili. Wengi wanaendelea na ratiba ya mbegu miezi mitatu, ndipo mizizi inabaki juu juu.

Njaa inafuata. Hii hutokea wiki ya nne hadi ya sita, uwanja wote unapauka, majani ya chini yakitangulia. Tia mbolea ya CAN gramu 10 kwa mita ya mraba, yaani kama vizibo viwili vya soda. Urea ina nguvu karibu mara mbili, hivyo kizibo kimoja. Rusha majani yakiwa makavu, mwagilia papo hapo. Punje ya urea ikikaa juu ya jani lenye umande inaunguza, na utaniletea picha ya madoa ya kahawia ukiniambia ni ugonjwa.

Tatu, chumvi. Ncha za majani zimekauka kahawia, udongo una utando mweupe jioni, na mdomo wa mpira umejenga gamba. Visima vingi vya Kigamboni na ukanda wa bahari viko hivi. Bemuda iliyokomaa huvumilia kiasi, miche yake haivumilii. Onja chai iliyopikwa kwa maji hayo, ukikunja uso peleka chupa maabara wapime upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Kwa vipimo vya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) vya maji ya umwagiliaji, chini ya 0.7 desisimensi kwa mita hakuna shida. Kati ya 0.7 na 3 ni kwa uangalifu. Zaidi ya 3 ni hatari. Ukiwa katikati, changanya na maji ya bomba au ya mvua, na mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini, mradi ardhi inapitisha maji. Ukizidi 3, simama. Usiendelee kununua mbegu. Hapo unahitaji mtaalamu wa udongo (chuo kikuu cha SUA Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, wanapima), na pengine kubadilisha nyasi kabisa uende kwenye paspalamu ya pwani, ambayo chumvi haiishtui.

Ya nne haitokei sana: majani machanga yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Hii naiona kwenye ardhi ya matumbawe, Kunduchi, Mombasa, Unguja. Udongo una chokaa nyingi na unashikilia chuma, nyasi haikipati. Salfeti ya chuma iliyoyeyushwa na kupulizwa kwenye majani kwa kipimo cha lebo husaidia ndani ya siku chache. Funika vigae na njia ya zege kwanza. Ikidondokea inaacha doa la kutu ambalo mwenye nyumba atakukumbusha kila mkionana.

Magugu yamefunika nyasi

Wiki tano za mwanzo ng'oa kwa mkono, jioni baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini. Magugu ya majani mapana mengi hufa yenyewe ukianza kukata nyasi. Dawa ya magugu isiguse nyasi hizi mpaka ziwe zimekatwa mara tatu. Hata ile inayosemwa haidhuru nyasi, huwa inazungumzia nyasi kubwa. Ndago ni habari nyingine. Ukiivuta inakatika na kiazi kinabaki chini, chimbua na kisu kiazi kimoja kimoja. Ukiona ndago nyingi kabla ya kusia, usisie.

Nyasi zinang'oka wakati wa kukata

Umewahi mno, au kisu ni butu, au udongo umelowa. Shika majani kwa vidole viwili uvute: yakija na mizizi, subiri wiki. Kata mara ya kwanza zikifika sentimita 6 au 7, uondoe theluthi moja tu. Fyekeo liache. Kama unatumia mashine ya umeme, nyasi ziwe kavu na waya uwe mzima. Waya uliochubuka usiufunge kwa nailoni, mwite fundi umeme.

Baka moja limestawi kupita kiasi

Hakuna anayelalamikia hili, ndiyo maana naliuliza mwenyewe. Kama ni mstari, pengine bomba linavuja chini. Funga maji yote ya nyumba usome mita, ukiona inazunguka umepata jibu, na fundi bomba aje kabla bili haijafika.

Kama ni duara, kijani kibichi kuliko kote, udongo unabonyea ukikanyaga au kuna harufu, ulizia mahali karo lilipo. Nyumba nyingi zilizouzwa mara mbili tatu mwenyewe hajui karo la zamani lilichimbwa wapi, na kifuniko kilichooza chini ya nyasi nzuri kinaweza kubomoka na mtu juu yake. Usichome bisibisi, usipitishe toroli wala mashine. Zungushia kamba kwa umbali wa mita kadhaa, watoto wasifike, mwite fundi wa makaro. Asiingie mtu ndani kutazama, hewa ya humo inaua. Karo likishafukiwa au kujengwa upya, acha udongo utulie na uushindilie kwanza, kisha sia pengo lile na uandike tarehe.